MAZUNGUMZO YA MWALIMU: Motakaa ni ile ile, sheria ni mpya



Ninyi mnaokaa Bunagana hamna haja ya kufundishwa maana ya kubadili sheria. Mpaka wenu unaifundisha bila kitabu. Lori limetoka Mombasa, limepita Kampala na Kisoro, na mwendo huo wote limeshika upande wa kushoto wa barabara, kama sheria ya Uganda inavyoagiza. Linapovuka na kuingia Kongo, dereva hana budi kushika upande wa kuume. Usukani ni ule ule, mipira ni ile ile, dereva ni yule yule. Sheria tu ndiyo iliyogeuka. Asiyegeuka nayo, hata awe hodari namna gani, atakutana na mwenzake uso kwa uso kabla hajafika sokoni.

Nimeanza na mfano huo kwa sababu juma hili nataka kujibu maswali ya vijana wa shule juu ya mbio za motakaa. Kuna vijana wengi katika nchi zetu hizi wanaozipenda mbio hizo. Wengine husikia habari zake katika redio za Uganda na za Kenya, wengine huziona katika simu. Nao sasa wanabishana sana. Wamesikia kwamba kuanzia mwaka 2027 mashindano ya dunia ya rali yatafuata sheria mpya, na motakaa zitakuwa za namna nyingine. Mmoja asema, “Utamu umekwisha.” Mwingine asema, “La, sasa ndipo mlango utakapofunguliwa.” Basi tuyatazame mambo kwa utaratibu, tuone nani ana haki.

Mashindano haya ni nini?

Watu wengi hudhani ya kuwa katika rali motakaa zote huondoka pamoja na kukimbizana kama watoto watokao shuleni. Sivyo. Kila motakaa huondoka peke yake, nyingine hufuata baada ya dakika chache. Njia imegawanywa katika vipande. Vipande vingine ni vya mbio kamili: barabara imefungwa, na saa hupima hata sehemu ya kumi ya sekunde. Vipande vingine ni vya kusafiri tu, kutoka mahali pa mbio hadi mahali pengine, katika barabara ya watu wote. Humo dereva wa mashindano ni kama dereva wa lori la viazi: sharti afuate sheria za barabara za nchi ile.

Tena kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Mwenye kuchelewa kufika kituoni hutozwa sekunde 10 kwa kila dakika. Je, aliyefika kabla ya saa yake? Huyo hutozwa dakika nzima kwa kila dakika! Ndiyo kusema, kuwahi kunaadhibiwa mara sita kuliko kuchelewa. Kwa nini? Kwa sababu wenye kutunga sheria walijua moyo wa binadamu. Walijua ya kuwa dereva mwenye injini yenye nguvu, akipita kijijini, atashawishika kukimbia pasipo ruhusa. Basi wakaifanya haraka isiyotakiwa kuwa hasara. Vijana wenye pikipiki na wafikiri vizuri juu ya sheria hiyo.

Katika motakaa wamo watu wawili. Mmoja anashika usukani. Wa pili ameshika daftari, naye humsomea mwenzake njia: kona ya kushoto, kilima, shimo, jiwe, daraja. Dereva haoni kilicho nyuma ya kilima. Humwamini mwenzake aliyekiandika. Akimdharau mwelekezi wake, wote wawili wataingia shimoni. Sina haja ya kuwaeleza akina baba na akina mama mfano huu unafanana na nini katika nyumba zao.

Sheria za kale

Rali iliyo karibu nasi, na iliyo mashuhuri kupita zote za Afrika, ni Safari ya Kenya. Ilianzishwa mwaka 1953, kuanzia tarehe 27 Mei hadi 1 Juni, ili kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza. Wakati ule njia yake ilipita katika nchi tatu: Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1960 ikaitwa Safari ya Afrika Mashariki, na katikati ya miaka ya 1970 ikabaki ndani ya Kenya peke yake.

Sasa sikilizeni jambo la ajabu. Katika mashindano yale ya kwanza motakaa hazikugawanywa kwa ukubwa wa injini, bali kwa bei yake dukani. Wenye magari ya bei ndogo walipimana wao kwa wao, na wenye magari ya thamani walipimana wao kwa wao. Mtu wa kawaida aliweza kuleta gari lile lile ambalo jana alilipakia watoto na magunia, naye akawa mshindani wa haki. Likumbukeni neno hili, maana tutalirudia.

Safari ya zamani ilikuwa ndefu mno. Ilifikia kilomita 5,000, mchana na usiku, katika barabara ambazo hazikufungwa. Dereva aliweza kukuta ng’ombe, punda, au mzee juu ya baiskeli, wote wakiwa na haki ya kupita. Mvua ya masika ilipoanguka, udongo ukawa kama uji. Mwaka 1963 ziliondoka motakaa 84, zikarudi 7 tu. Mwaka 1968 ziliondoka 93, na tena zikarudi 7 tu. Na katika miaka hiyo miwili mshindi alikuwa mtu mmoja, Nick Nowicki, pamoja na mwelekezi wake Paddy Cliff, nao waliendesha Peugeot 404. Wazee wetu wanaijua sana Peugeot hiyo. Katika miji mingi ya Afrika ilikuwa teksi. Haikushinda kwa kuwa na mbio kupita nyingine, bali kwa kuwa haikuvunjika.

Ndivyo alivyoshinda pia Joginder Singh, fundi wa magari, mzaliwa wa Kericho. Mwaka 1965 yeye na ndugu yake Jaswant walishinda kwa Volvo iliyokwisha kutumika katika mashindano ya mwaka uliotangulia. Watu wenye magari mapya wakabaki matopeni. Akashinda tena mwaka 1974 na 1976. Aliingia Safari mara 22, akaimaliza mara 19. Hii ndiyo hesabu ya mtu anayelijua gari lake kwa mikono, siyo kwa macho tu.

Yuko na Shekhar Mehta. Yeye alizaliwa Uganda. Mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza Waasia, alilazimika kuhamia Kenya. Mwaka uliofuata, 1973, ulikuwa mwaka wa kwanza wa mashindano ya dunia ya rali, na Safari ilikuwa mojawapo. Baada ya maelfu ya kilomita, Mehta na Harry Källström wa Sweden, wote wawili katika Datsun, wakawa na hesabu moja ya adhabu. Hapakuwa na tofauti hata kidogo. Ikabidi kufungua kitabu cha sheria na kutafuta kanuni ya kuwatenganisha waliolingana, na kwa kanuni hiyo ushindi ukamwangukia Mehta. Mtu aliyefukuzwa katika nchi yake bila haki alipata ushindi kwa njia ya sheria iliyoandikwa kabla mtu yeyote hajajua itamfaa nani. Hiyo ndiyo sheria njema: huandikwa kabla ya ugomvi, wala haitazami uso wa mtu. Baadaye Mehta akashinda mara nne mfululizo, toka 1979 hadi 1982.

Wala binti zetu wasidhani ya kuwa habari hizi ni za wavulana peke yao. Mwaka 1983 mwanamke Mfaransa, Michèle Mouton, alimaliza Safari akiwa wa tatu katika Audi Quattro. Hakupewa kilomita moja ya huruma. Baadaye alipewa na wakubwa wa mchezo huu kazi ya kuangalia usalama.

Sheria zilizoandikwa kwa damu

Vijana hupenda kusema kwamba sheria huharibu mchezo. Hebu niwakumbushe mwaka 1986.

Katika miaka ile kulikuwa na kundi la motakaa lililoitwa Group B. Sheria iliwaachia wajenzi uhuru mkubwa sana, nao wakatengeneza magari mepesi yenye nguvu za kutisha. Wapenzi wa mbio walifurahi mno. Walisimama kando ya njia, na wengine katikati ya njia, wakaruka pembeni gari likiwa karibu kuwagusa. Hata walioligusa kwa mkono walijisifu. Tarehe 5 Machi 1986, huko Ureno, gari moja likaacha njia na kuingia katika umati. Watu watatu wakafa na zaidi ya thelathini wakaumia. Tarehe 2 Mei mwaka ule ule, katika kisiwa cha Corsica, Henri Toivonen na mwelekezi wake Sergio Cresto wakaanguka bondeni na gari lao likateketea. Wote wawili wakafa. Mara wakubwa wakatangaza kwamba kuanzia mwaka 1987 magari ya kundi lile yamepigwa marufuku.

Basi, siku ile wengine walilia wakisema utamu wa rali umekufa. Lakini rali haikufa. Waliokufa ni wale watu, na sheria ilikuja baada yao, imechelewa. Sheria nyingi za barabarani zilizaliwa hivyo. Kwa hiyo, msomapo sheria inayowakera, ulizeni kwanza: ni nani aliyekufa hata ikaandikwa?

Mabadiliko ya siku hizi

Baada ya mwaka 2002 Safari ilitoka katika mashindano ya dunia. Ilikuwa irudi mwaka 2020, ugonjwa wa korona ukaizuia. Ikarudi mwaka 2021, na makao yake yakawa Naivasha. Sébastien Ogier wa Ufaransa akashinda. Mwaka 2022 na 2024 akashinda Kalle Rovanperä wa Finland, mwaka 2023 Ogier tena, na mwaka 2025 Elfyn Evans wa Wales. Wote hao walikuwa katika Toyota.

Safari hii mpya si ndefu kama ile ya kale. Mwaka 2021 vipande vya mbio vilikuwa 18, na urefu wake jumla kilomita 320 hivi. Barabara hufungwa, na nyingi zimo katika mashamba makubwa na hifadhi. Wazee hucheka na kusema, “Hiyo ni matembezi.” Lakini mawe ya Naivasha hayajui mwaka. Vumbi lake ni laini kama unga, magurudumu huzama humo. Na mvua ikinyesha vumbi hilo hugeuka tope kwa nusu saa. Magari hufungiwa bomba refu la kuvutia hewa juu karibu na paa, ili injini isinywe maji mtoni.

Tuseme sasa habari ya sheria zenyewe. Mwaka 2022 motakaa za daraja la juu zilipewa mtambo wa umeme pamoja na injini ya petroli. Kwa vipindi vifupi vifupi umeme uliongeza kilowati 100, na nguvu zote pamoja zikapita zile za farasi 500. Gari lilikuwa na taa: ya kijani ikiwaka, msaidizi aweza kuligusa, nyekundu ikiwaka, asikaribie, maana umeme waweza kumwua. Lakini mitambo hiyo ilikuwa ghali na mizito, na fundi wa kawaida hakuruhusiwa kuifungua. Kwa hiyo mwaka 2025 ikaondolewa. Uzito wa chini wa gari ukashuka kutoka kilo 1,260 hadi kilo 1,180, na tundu la kuingizia hewa katika injini likafanywa dogo zaidi, kutoka milimita 36 hadi 35, ili nguvu zisizidi. Mwaka ule ule mipira ikabadilika pia: kampuni ya Pirelli ikatoka, Hankook ikaingia. Hata hesabu ya pointi ilikuwa imegeuzwa mwaka 2024, na siku ya Jumapili ikapewa pointi zake za pekee, ili anayeongoza asitembee pole pole siku ya mwisho akilinda alichonacho.

Na mwaka 2027 ndio mwaka wa mageuzi makubwa. Shirikisho la motakaa la dunia, liitwalo FIA, limeamuru hivi: bei ya gari moja la daraja la juu isipite euro 345,000. Wenyewe wanasema hiyo ni chini ya nusu ya gharama ya magari yaliyotangulia. Nguvu zitakuwa kama za farasi 300 hivi, karibu sawa na magari ya daraja la pili, nayo magari hayo ya daraja la pili yataweza kupimana nayo. Kiunzi cha kulinda watu kitakuwa cha mabomba ya chuma, chenye mfano mmoja kwa wote. Tena, si kampuni kubwa za magari tu zitakazoruhusiwa kujenga. Hata karakana za watu wenye ujuzi, zikitimiza masharti, zaweza kuleta gari lao. Katika miaka ya 2022 hadi 2025 wajenzi wa daraja la juu walikuwa watatu tu: Toyota, Hyundai, na M-Sport yenye magari ya Ford. Meza yenye wageni watatu tu si karamu.

Sasa mwaona kwa nini niliwaambia mkumbuke mwaka 1953. Wazee wale waliogawanya motakaa kwa bei walilijua jambo ambalo wajukuu wao wamelitambua tena baada ya kupoteza fedha nyingi: mchezo ambao fedha hushinda kabla ya dereva kuketi si mchezo tena.

Nani ana haki?

Turudi kwa vijana wetu wanaobishana.

Yule wa kwanza asemaye kwamba utamu umekwisha hana upumbavu. Anasema: gari la nguvu 500 hutetemesha ardhi, na mtu aliyetembea mchana kutwa ili alione hataki kuletewa kitu kidogo. Hilo ni kweli. Tena si mageuzi yote huwa mema. Mtambo ule wa umeme uliletwa kwa shangwe mwaka 2022 na ukatolewa kabla ya mwaka 2025. Fedha zilizotumika hazikurudi. Na katika mbio za aina nyingine, za Formula One, njia iliyochaguliwa ni tofauti kabisa: kwa mwaka 2026 sheria mpya zimetaka karibu nusu ya nguvu za gari itoke katika umeme, na gari lenyewe lipungue kilo 30. Wakubwa wale wale, michezo miwili, na majibu mawili yanayopingana! Kwa hiyo mtu asiwadanganye kwamba sheria mpya ni njema kwa kuwa ni mpya.

Lakini huyu wa pili anazo sababu kubwa zaidi. Mtazame Mwafrika katika mashindano haya. Kipaji hakikukosekana. Mwaka 1994 Ian Duncan wa Kenya alishinda Safari, na Patrick Njiru, Mkenya pia, akawa wa nne. Mwaka 1999 Charles Muhangi wa Uganda akawa bingwa wa rali wa Afrika nzima. Mwaka 2022 kijana Mkenya, McRae Kimathi, alikwenda kuendesha katika theluji ya Sweden, katika mashindano ya vijana, kwa gari la daraja la chini lenye bei nafuu. Kilichowazuia wengi wasipande daraja la juu si woga wala ujinga. Ni bei ya gari. Mlango ulikuwa wazi, lakini kizingiti chake kilikuwa kirefu kama ukuta.

Je, euro 345,000 ni bei ya maskini? Hasha! Kijiji kizima cha Jomba kikiuza kahawa na maharagwe yake miaka mingi hakiwezi kulipata gari hilo. Msidanganyike. Lakini tofauti iko hapa: bei ile ya zamani ilimshinda hata tajiri wa Kampala au wa Nairobi mwenye duka kubwa. Bei hii mpya yeye aweza kuifikiri, akishirikiana na wenzake. Naye akiwa na gari, atahitaji fundi, na fundi atahitaji wasaidizi, na wasaidizi hao watakuwa vijana waliojifunza kazi. Hapo ndipo mtoto wa Kisoro au wa Rutshuru aweza kuingia: si kwa kushika usukani siku ya kwanza, bali kwa kushika spana. Joginder Singh alianza hivyo hivyo.

Na karakana je? Sheria inasema karakana yenye ujuzi yaweza kujenga. Leo hizo ni karakana za Ulaya. Lakini sheria haikuandika neno Ulaya. Imeandika masharti. Mtu atakayeyatimiza, popote alipo, hakatazwi. Kwa hiyo, enyi wanafunzi mnaoipenda motakaa na kuichukia hesabu, jueni kwamba mnajipinga wenyewe. Anayetaka kujua kwa nini milimita moja ya tundu la hewa hupunguza nguvu za injini, hawezi kulijua kwa kushangilia. Ni lazima aijue hesabu na elimu ya vitu.

Jambo linalotuhusu sisi

Nitasema na neno la barabara yetu. Mwezi wa Juni 2021 marais wa Kongo na Uganda walizindua kazi ya kujenga barabara kadhaa, moja ikiwa ni ile ya kutoka Bunagana kupita Rutshuru hadi Goma, iliyohesabiwa kilomita 89. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 13 Juni 2022, Bunagana ikatwaliwa na wapiganaji wa M23, na watu kwa maelfu wakavuka mpaka na watoto mgongoni. Wengi wenu mnaosoma ukurasa huu mlikuwa miongoni mwao. Basi hamhitaji mwalimu wa kuwaambia barabara huwaje mahali ambapo mwenye nguvu ndiye sheria.

Lakini hata katika taabu hiyo kuna sheria ndogo zilizo mikononi mwetu wenyewe. Mmeona vijana wanaoteremsha chukudu kilimani kwa kushindana, zimejaa makaa au viazi, na kiatu cha mpira ndicho breki yake. Mmeona wenye pikipiki wakipigana mbio kati ya akina mama watokao sokoni, abiria wawili au watatu nyuma, wala hakuna kofia hata moja. Wakiulizwa, hujibu kwamba wanaiga madereva wa Safari.

Hapana, hawawaigi. Dereva wa Safari amevaa kofia ngumu na nguo isiyoshika moto, amefungwa mikanda, ameketi ndani ya kiunzi cha chuma, barabara imefungwa, ameisoma njia siku kadhaa kabla, na tabibu anangojea kwa gari. Tena, kama nilivyosema, akitoka katika kipande cha mbio na kuingia barabara ya watu, hutembea kwa adabu, la sivyo hutozwa adhabu. Kijana wetu ameiga kitu kimoja tu, nacho ni mbio. Amechukua kilele cha nyumba na kuacha kuta. Ajali ikitokea, anayezikwa si yeye peke yake. Mara nyingi ni mtoto aliyetumwa chumvi.

Kwa watakaobahatika kwenda kutazama rali, iwe Naivasha, iwe ile ya Uganda iitwayo Lulu ya Afrika, au ile ya Rwanda ya Sokwe wa Milimani, nawapa maonyo manne. Msisimame upande wa nje wa kona, maana huko ndiko gari huenda likishindwa kukata. Msisimame mbele ya kilima ambako gari huruka. Msivuke njia baada ya gari la kwanza kupita. La pili liko nyuma, halina habari zenu. Na mtoto ashikwe mkono, wala asipandishwe juu ya mti ulio karibu na njia. Mkiambiwa na msimamizi, “Rudini nyuma,” rudini bila kubishana. Yeye amekwisha kuona yale ambayo ninyi hamjayaona.

Wengine wameuliza juu ya Pasaka. Ni kweli kwamba Safari ya zamani ilifanywa mara nyingi siku za Pasaka, na mwaka 2024 ilirudishwa siku hizo, hata siku ya mwisho ikawa Dominika ya Pasaka yenyewe, tarehe 31 Machi. Mwaka 2025 ikafanywa kabla ya Pasaka. Jibu langu ni fupi: Misa kwanza, mbio baadaye. Aliyeamka usiku ili apate mahali pazuri kando ya njia asituambie kwamba hakuweza kuamka kwa ajili ya kanisa.

Neno la mwisho kwa wanaobishana

Mwaka 2027 ukifika, motakaa za kwanza zitakapoondoka chini ya sheria mpya, bila shaka wengine watalalamika kwamba zinakwenda pole, na wengine watazishangilia. Mimi nawaomba mzipime kwa maswali matatu. La kwanza: je, wameingia washindani wapya, au ni wale wale watatu? La pili: je, watu wamerudi nyumbani salama, madereva na watazamaji? La tatu: je, yuko kijana wa Afrika aliyepanda ngazi moja zaidi kuliko jana? Yakijibiwa ndiyo, basi sheria ni njema, hata kama kelele za injini zimepungua. Yakijibiwa hapana, basi sheria na ibadilishwe tena, wala isionewe haya. Ile ya umeme iliondolewa, na dunia haikuanguka.

Na maswali hayo matatu, akina baba na akina mama, yanafaa hata kwa sheria mnazoziweka nyumbani. Je, inamfungulia mlango aliye mdogo? Je, inalinda uhai? Je, yuko anayepanda ngazi kwa sababu yake? Sheria ya nyumba isiyoweza kujibu hata moja haina budi kufikiriwa upya, hata ikiwa ni ya babu.

Kwa leo yatosha. Vijana wenye neno la kupinga na waandike, barua zao zitasomwa. Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza tena.

Mwalimu wenu.